MAONI: Kidato cha Tatu, huu mchezo wa ‘mono’ uishie kwenu

Kama ulipita steji ya Kitale Jumatatu hii, Januari 12, bila shaka uliwaona. Sanduku la bati linang'aa, godoro limekunjwa likafungwa kamba, sare inapwaya mabegani, na mathe anauliza kwa mara ya tano, "Kufuli umebeba?" Hao ni Gredi ya 10, kundi la kwanza kabisa kuingia sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Wengine walikuwa wakipanda matatu za kuelekea Bungoma, njia ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye. Mimi pia niliwahi kupanda matatu hiyo nikiwa na sanduku langu, nikijifanya sina wasiwasi.

Sikumbuki hata somo moja nililofundishwa wiki ile ya kwanza. Ninachokumbuka ni kengele. Shule yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kengele ya kila kitu: ya kuamka, ya kufagia, ya uji, ya gwaride, ya vipindi, ya prepu, ya kulala. Zote zililia kwa sauti ileile na hakuna aliyetueleza ipi ni ya nini. Ukiuliza, unachekwa. Ukikosea, unapiga magoti. Waliotufundisha ratiba ni wakubwa wa bweni, na somo lao lilikuwa kupima urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti saa nne usiku, wewe ukitambaa sakafuni na mtu akihesabu. Asubuhi unaingia darasani macho mekundu, mwalimu anakuita mvivu.

Mvulana wa kitanda cha pili kutoka changu, mtoto wa Kitale kama mimi, alidumu siku sita. Siku ya saba sanduku lake halikuwepo. Mwalimu alipolisoma jina lake kwenye rejista tulitazamana, tukanyamaza. Akapiga mstari, akaendelea na jina lililofuata. Tulijua kilichomfukuza. Tuliogopa tu kukitaja.

Sasa linganisha na dada yangu mdogo. Yeye alianza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa hapa Kitale mwaka wa 2024. Mwalimu wao wa darasa alitumia siku mbili nzima bila kufungua kitabu. Daftari za kazi ya ziada zinawekwa wapi? Nani anafuta ubao? Ukitaka kwenda msalani unafanyaje? Mwalimu akichelewa, darasa linafanya nini? Walifanya mazoezi ya mambo hayo kama timu ya mpira, wakirudia hadi yakakaa. Jumatano wakaanza masomo. Nilimcheka, "Kwani mko nasari?" Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Angalau mimi nikikosea naambiwa, sipigwi."

Jibu hilo lilinifunga mdomo. Utaratibu wa darasa ni kitu cha kufundishwa, sawa na hesabu. Mtu hazaliwi akijua kengele ya tatu ni ya gwaride. Mwalimu asipoufundisha, mwingine ataufundisha, na huyo mwingine mara nyingi ni mtoto wa miaka 17 aliyefundishwa kwa vitisho na hajui njia nyingine.

Kuna watakaosema wiki ngumu inakukomaza. Msee, mimi nilipitia, wacha nikwambie nilichokomaa nacho. Nilijua kujificha chooni wakati wa kufagia. Nilijua kuficha sabuni ndani ya soksi. Nilijua kudanganya jina la nyumbani kwetu. Kuwahi kipindi nilijifunza muhula wa pili, baada ya mwalimu mmoja kukaa nami dakika kumi na kunichorea ratiba kwenye karatasi. Dakika kumi tu! Angenichorea siku ya kwanza, ningeokoa muhula mzima.

Tena hili si suala la upole wa mtu. Ni sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuadhibiwa au kutendewa kikatili, iwe ni kwa mwili au kwa akili. Kutambaa usiku ukipima bweni kwa njiti kunaingia hapo, hata kama aliyekuamuru ni mwanafunzi mwenzako na wote mnacheka.

Mwaka huu jambo hili ni zito zaidi, na sababu iko kwenye kalenda. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Waliofanya mtihani huo wakaingia kidato cha kwanza 2024, na baada yao mlango ukafungwa: 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza popote nchini. Kwa hivyo nyinyi mlio kidato cha tatu leo mmekuwa wadogo wa shule kwa miaka miwili mfululizo. Hamjawahi kuwa na mtu wa chini yenu. Najua kiu iliyopo. Mmepima mabweni, mmefua soksi za wenyewe, na sasa hatimaye kuna sura mpya mlangoni. Kichwani kuna sauti inasema, "Zamu yetu imefika."

Lakini angalia nani ameingia. Hawa wa Gredi ya 10 wengi wao walisomea sekondari msingi ndani ya kiwanja cha shule ya msingi, wakirudi nyumbani kila jioni. Mwaka jana walikuwa Gredi ya 9, wakubwa wa kiwanja kizima. Wengi hawajawahi kulala bwenini. Hawana kaka wala dada aliyepitia Gredi ya 10 akawaeleza ikoje, kwa sababu hakuna aliyewatangulia. Na ratiba yenyewe ina mafumbo kuliko ile tuliyoikuta sisi. Wamegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Hata hesabu sasa ni za aina mbili, kwa hivyo kengele ya hesabu ikilia, wanaoketi dawati moja wanaweza kuachana, mmoja akaenda huku, mwingine kule. Mtoto akipotea njia siku ya pili, huo si ujeuri. Hajaambiwa.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo. Wapeni siku mbili. Watembezeni kutoka darasa hadi maabara, kutoka maabara hadi maktaba. Bandikeni ratiba ukutani na kengele zote ziandikwe, hii ni ya nini, ile ni ya nini. Kisha rudieni. Tunajua wengine bado wako nyumbani, buda anatafuta karo, na watafika wiki ya pili au ya tatu wakikuta wenzao washazoea. Hao ndio huliwa kwanza bwenini, maana kila mtu anajua na wao hawajui. Siku mbili zao zisiwe zimepita kwa sababu tu walichelewa.

Kwako wewe wa Gredi ya 10: uliza. Uliza hata ukichekwa. Tafuta mwalimu mmoja unayeweza kumwambia jambo bila kutetemeka, na umjue kabla hujamhitaji. Ukiona kitanda cha jirani hakina mtu, usifanye tulivyofanya sisi. Jina lake likisomwa, sema unachojua.

Na kwako wa kidato cha tatu, sitakuambia usahau mliyotendewa. Sijasahau yangu. Ila kumbuka kwamba aliyekutesa keshamaliza shule au yuko kidato cha nne. Huyu aliyesimama mbele yako na sahani mkononi, asijue foleni ya chakula inaanzia wapi, hajakukosea kitu. Anakutazama tu ili ajue sekondari ni mahali pa aina gani. Chochote utakachomfanyia wiki hii ndicho atakachowafanyia watakaokuja Januari ijayo, na nyinyi mkiondoka 2027 yeye na wenzake ndio watabaki na shule.

Mwonyeshe foleni. Mwambie kengele ya uji na ya gwaride zinafuatana haraka, asikae sana mezani. Mwambie mwalimu wa zamu ni nani na ofisi yake iko wapi. Halafu nenda prepu, kitabu chako kinakungoja.

Yule mvulana wa kitanda cha pili nilikutana naye Kitale mwaka jana, sokoni. Tulisalimiana, tukaongea mambo ya mvua na bei ya mahindi. Nilitaka kumwomba msamaha kwa kunyamaza siku ile rejista ilipoitwa, lakini sikujua pa kuanzia. Wewe bado una nafasi. Ni wiki ya kwanza tu.