TUTA NALO LATAKA GENGI YAKE



Sisi wa reli twajua kwamba njia haidumu kwa kuwa ilijengwa vizuri. Yadumu kwa kuwa gengi huipita, hukaza boliti na kuzibua makalvati. Basi, mbona matuta ya kuzuia mafuriko ya mto Nzoia, kule Budalangi, hayana gengi?

Matuta yale ni udongo. Ng'ombe wakishuka kunywa maji huyakata. Fuko na mchwa huyatoboa. Mzizi wa mti uliokufa huoza ukaacha tundu. Mto ukijaa, maji hupenya humo, na yakitokea upande wa mashamba yakiwa na tope, jueni udongo wa ndani unaondoka. Tena mto huleta mchanga, kina chake hupungua, na tuta refu huwa fupi bila kuguswa na mtu. Mwaka 2008 lilibomoka, na 2011 tena. Watu wakahamia kambini, wakapewa mablanketi. Mablanketi ni mema, lakini hayazuii maji.

Huko Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyozuiwa na kalvati lililoziba chini ya reli yalifumuka usiku, yakaua watu wengi. Kuzibua kalvati ni kazi ya koleo!

Twaitaka Serikali iwaandike wanavijiji wa kando ya Nzoia, kwa mshahara wa mwezi wala si kibarua cha siku tatu, wawe na mnyapara na vifaa, wazibe mashimo wakati wa kiangazi. Kila tawi lipeleke ombi hili kwa Mbunge wake kabla ya mvua za Machi.