Tusiuziwe Dawa ya Ugonjwa Tusiokuwa Nao

Wahenga walilonga kuwa rahisi ni ghali. Methali hii tumeizoea sana katika insha zetu, lakini leo nataka tuitazame tukiwa mbele ya tarakilishi, au kompyuta kama tunavyoiita tukishatoka darasani. Ninazungumzia zile programu zinazojitangaza kwamba zinatengeneza makosa ya rejista na kuifanya kompyuta kuukuu irudie ujana wake. Maoni yangu ni kuwa programu hizo hazifai kuwekwa katika kompyuta yoyote, iwe ya nyumbani au ya hapa shuleni. Najua wapo watakaonipinga, hasa wale mabingwa wa kompyuta kule bwenini, lakini naomba mnisikilize kwanza kabla ya kunirushia mawe.

Rejista yenyewe ni kitu gani? Ni hifadhi ambamo mfumo wa Windows, pamoja na programu nyingine, huandika mipangilio yake: ni printa gani inayotumika, faili ya aina fulani ifunguliwe na programu ipi, na ni programu zipi zianze kazi pindi kompyuta inapowashwa. Hifadhi hii ilishika nafasi kubwa tangu Windows 95, na hadi leo ipo. Ndani yake mna maandishi mengi mno, hata mamia ya maelfu. Hata hivyo, kompyuta haiyasomi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma riwaya. Huenda moja kwa moja pale inapotaka, ikasoma, ikaendelea na shughuli zake.

Mfano mzuri ni rejista yetu ya darasa. Tuseme mna majina mawili ya wanafunzi waliohamia shule nyingine muhula uliopita, na bado hayajafutwa. Je, majina hayo yatamzuia mwalimu kufundisha? La hasha! Sasa tuseme aje mgeni asiyemjua yeyote kati yetu, asimame mlangoni na kifutio mkononi, kisha afute jina la kila mtu asiyemwona kwenye dawati. Atawafuta wale wawili waliohama, sawa. Lakini atamfuta pia aliye mgonjwa, aliyetumwa nyumbani kuleta karo, na aliyekwenda kuichezea shule mpira. Jioni watakaporejea wataambiwa hawajulikani. Hivyo ndivyo programu hizi zinavyofanya kazi. Zinakisia tu.

Ndiyo sababu hesabu zake huwa kubwa ajabu. Ukiondoa programu fulani na jina la folda yake likabaki rejistani, hilo linaitwa kosa. Ukichomoa flashi, anwani ya faili uliyoifungua humo nayo inaitwa kosa. Maandishi hayo hayana uzito wowote. Hata ukifuta elfu moja, nafasi utakayookoa kwa kawaida haifikii ile inayochukuliwa na picha moja ya simu. Lakini kwenye kioo utaonyeshwa rangi nyekundu, alama ya hatari, na onyo kwamba kompyuta yako iko taabani. Kuonyeshwa makosa ni bure. Kuyatengeneza ndiko kwa kulipia.

Nitatoa ushahidi wa nyumbani. Sisi tuna kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, yenye Windows 7 na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani, na michango ya miaka miwili alikuwa ameiandika humo. Kompyuta ilipoanza kuzembea, kaka yangu mkubwa aliletewa programu ya kutengeneza rejista na rafiki yake. "Hii mashini iko na makosa tu, wee isafishe!" rafiki akamwambia. Programu ikahesabu makosa 1,186. Kaka akalipa, akabonyeza, makosa yakawa sifuri, tukapiga makofi. Kesho yake printa ikakataa kazi. Kesho kutwa ile programu ya hesabu ya Mama ikagoma kufunguka. Akaitwa fundi, naye bila kuuliza mengi akafuta diski nzima na kuweka Windows upya. Michango ya miaka miwili ikaenda na maji.

Mama alilazimika kwenda nyumba kwa nyumba akimwomba kila mwanachama amwonyeshe stakabadhi zake. Wengi walimwelewa, ila hawakukosekana walionong'ona kuwa siku hizi ati kompyuta zinakula pesa. Wasomaji wenzangu, mtu mwaminifu kushukiwa kwa ajili ya programu ya kubahatisha si jambo dogo. Na kilichonifumbua macho kabisa ni hiki: fundi alipoondoka jioni ile, kaka aliiweka tena programu ile ile katika Windows mpya, ambayo hata barua moja haikuwa imeandikwa humo. Ikapata makosa 203! Nikajiuliza, mtoto aliyezaliwa leo asubuhi anawezaje kuwa na maradhi 203?

Msidhani kwamba ni sisi tu tunaochezewa shere. Huko Marekani, mwezi wa Machi 2019, kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya tume ya serikali inayosimamia biashara kuzishtaki kwamba ziliwahadaa wateja. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, mteja aliyepeleka kompyuta yake kupimwa aliulizwa maswali manne, mojawapo likiwa kama inakwenda polepole. Akijibu ndiyo kwa swali hata moja, majibu ya kipimo yalionyesha kuna dalili za programu hasidi. Kesi hiyo haikuhusu rejista, lakini biashara ni ile ile: mtu anatiwa hofu kwanza, halafu anauziwa tiba.

Hata programu zenye jina kubwa zina hatari zake. Mwaka wa 2017 wahalifu walipenyeza programu hasidi ndani ya toleo la 5.33 la CCleaner, mojawapo ya programu za usafishaji zinazojulikana sana duniani, nalo likaingia katika kompyuta zaidi ya milioni 2 kabla ya kugunduliwa. Nayo Microsoft, mwenye Windows, iliwahi kutoa chombo chake cha kusafisha rejista kilichoitwa RegClean, kisha ikakiondoa. Siku hizi inasema wazi kuwa haiungi mkono matumizi ya programu za aina hiyo. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe anasema msiguse nguzo, mpita njia anatoa wapi ujasiri wa kuzichonga?

Wapinzani wangu watauliza, "Mbona yetu ilisafishwa ikawa na kasi?" Swali hilo ni la haki. Nyingi za programu hizi hufanya mambo mengine pia: hufuta faili za muda zilizojaza diski, huzuia programu zisijianzishe zenyewe, kisha huizima kompyuta na kuiwasha upya. Hayo ndiyo yaliyoleta nafuu, na kila moja unaweza kulifanya mwenyewe bila senti. Sifa ikapewa rejista, ambayo haikuwa na hatia.

Wengine watauliza, "Kwani rejista haiharibiki kamwe?" Inaharibika. Stima ikipotea ghafla kompyuta ikiwa inaandika, au diski ikiwa imechakaa, au kumbukumbu ikiwa na kasoro, faili ya rejista inaweza kuvurugika. Lakini siku hiyo hutahesabiwa makosa 1,186. Aghalabu Windows itakataa kuwaka, au itakuambia kuwa faili fulani ndani ya System32\config imeharibika. Hapo hiyo programu ya kutengeneza rejista utaifungulia wapi?

Likitokea hilo, kuna utaratibu wa kufuata. Jambo la kwanza ni kuokoa kazi zako: diski itolewe iunganishwe na kompyuta nyingine, nakala zichukuliwe, ndipo matengenezo yaanze. Fundi wetu angefanya hivyo, Mama asingetembea juani. La pili, kwenye Windows 7 bonyeza F8 kompyuta inapowaka, uchague mipangilio ya mwisho iliyofanya kazi vizuri, au uirudishe kompyuta kwenye tarehe iliyotangulia matatizo. Kurudi nyuma huku hakufuti barua wala hesabu ulizoziandika. La tatu, ipime diski kwa amri ya chkdsk na faili za Windows kwa amri ya sfc /scannow. Amri hizi huja na Windows yenyewe, na hazikuombi hela. Mwenye Windows 10 ajue kwamba tangu toleo la 1803 la mwaka wa 2018 mfumo huo uliacha kujiwekea nakala ya rejista katika folda ya RegBack kama ulivyozoea zamani. Ni muhimu basi ahakikishe kwamba kinga ya mfumo imewashwa, ili awe na tarehe ya kurudia.

Na kama shida ni uzee tu, tuukubali uzee. Kompyuta yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu italemewa na tovuti za leo, hata rejista yake ing'are kama kioo. Kumbukumbu ikiongezwa, na diski ya zamani inayozunguka ikibadilishwa kwa ile isiyozunguka, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Fungua sanduku lake ikiwa imezimwa na kuchomolewa, upanguse vumbi lililoziba feni, maana kompyuta ikipata joto hupunguza mwendo ili isiungue. Tazama pia saa yake. Betri ndogo ya ndani, ile ya mviringo kama sarafu, ikiisha nguvu, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila stima inapozimwa, na tovuti nyingi hukataa kufunguka. Watu husema, "Iko na virusi!" ilhali dawa yake ni betri ambayo bei yake haifiki hata nusu ya bei ya kitabu cha fasihi.

Lipo pia jambo ambalo usafishaji hauwezi kuliondoa. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Mlango ulioachwa bila komeo haufungiki kwa kufagia sebule. Kompyuta kama hiyo ni heri itumike kuandikia tu, bila intaneti, au iwekewe mfumo mwingine mwepesi wa bure kama Linux.

Sasa nawageukia walimu wetu wapendwa, hasa walimu wa somo la tarakilishi. Tunafundishwa vizuri sehemu za kompyuta na historia yake, na tunashukuru. Lakini ninaomba tutengewe hata vipindi viwili kwa muhula vya kufungua kompyuta mbovu, kupangusa vumbi, kuchukua nakala na kuirudisha Windows kwenye tarehe ya nyuma. Mwanafunzi aliyeshika bisibisi kwa mkono wake hatatishwa na rangi nyekundu kwenye kioo. Ninapendekeza pia kanuni mbili zibandikwe ukutani mwa maabara: asiwepo wa kuweka programu ya kusafisha rejista, na kila Ijumaa kazi za wiki zinakiliwe kwenye flashi mbili zinazokaa mahali tofauti. Makala ya jarida hili lenu hupigwa chapa kwenye mojawapo ya zile kompyuta kuukuu. Siku zikipotea, hatutaulizana rejista ilikuwa na makosa mangapi. Tutaulizana nakala iko wapi.

Kwenu wanafunzi wenzangu, nasema hivi: likizo ikifika, mkiwa nyumbani mkaona kompyuta inatambaa kama kobe, msikimbilie kubonyeza kila linalosema "Tengeneza sasa". Ulizeni kwanza ni nani aliyehesabu makosa hayo, na atapata nini mkiamini hesabu yake. Akiwa mhesabuji ndiye muuzaji wa dawa, basi shikeni mifuko yenu. Mwenye macho haambiwi tazama.