Kabla ya kununua betri mpya, pima chaji

Msimu wa korosho unapofika, pikapu, kenta na pikipiki za Masasi na Newala hazipumziki. Magunia lazima yatoke vijijini yafike kwenye maghala ya vyama vya msingi. Gari likigoma kuwaka asubuhi wakati kama huo, uamuzi wa wamiliki wengi ni mmoja: betri imekufa, inunuliwe nyingine.

Uamuzi huo wa haraka unawatia hasara wakulima na wafanyabiashara wadogo. Betri haizalishi umeme, inautunza tu. Katika gari, umeme huzalishwa na altaneta inayozungushwa na injini kwa mkanda. Altaneta isipochaji, hata betri mpya itaisha baada ya safari chache, na fedha ya korosho itakuwa imepotea bure.

Marubani na mafundi wa ndege ndogo wana utaratibu unaofaa kuigwa. Ndege kama Cessna yenye injini moja ina mfumo wa chaji unaofanana na wa gari: betri, altaneta na regyuleta ya kudhibiti volti. Taa ya onyo ikiwaka angani, rubani husoma mita, huzima vifaa visivyo vya lazima ili betri ibakie kwa ajili ya redio, kisha hutafuta mahali pa kutua. Katika nyingi ya ndege hizo injini haizimiki, kwa kuwa cheche zake hutoka kwenye magneto, kama ilivyo kwa mashine ya mgongoni ya kupulizia salfa kwenye mikorosho.

Ndege ikishatua, fundi huanza na vitu rahisi: viungo vya nyaya, fyuzi na mkanda. Baadaye ndipo huenda kwenye regyuleta na altaneta. Habadilishi kifaa kabla ya kupima.

Utaratibu huo hauhitaji karakana kubwa. Unahitaji mita ndogo ya kupimia volti, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya betri ya gari.

Kwa gari la volti 12, betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma takriban 12.6. Ikisoma chini ya 12, imekwisha chaji. Washa injini na uongeze mwendo kidogo: mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, betri haipati chaji. Ikipita 15, huenda regyuleta ni mbovu, na betri itachemka hadi maji yakauke. Washa taa zote. Volti zikishuka chini ya 13, kagua kama mkanda umelegea au altaneta imechoka.

Kabla ya kufungua altaneta, safisha vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe au wa kijani, kaza nyaya, na angalia waya unaounganisha betri na bodi. Vumbi na mtikisiko wa barabara za vijijini hulegeza viungo hivyo.

Ipo pia tabia ya baadhi ya mafundi ambayo haina budi kukomeshwa: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili "kuona kama inachaji". Volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza altaneta, regyuleta na vifaa vingine vya umeme. Mteja aliyekuja na tatizo moja huondoka na matatu.

Hasara si ya fedha peke yake. Gari lisilochaji hufifia taa usiku, na hatari yake ni kubwa zaidi kwenye miteremko ya kutoka Newala kwenda Masasi, likiwa na mzigo na watu.

Kwa hiyo vyama vya msingi na vikundi vya madereva wa bodaboda vingefanya vyema kununua mita ya pamoja na kumfundisha mwanachama mmoja au wawili kuisoma. Naye mwenye gari amtake fundi amwonyeshe namba kwenye mita kabla ya kukubali kununua kifaa chochote. Fundi asiyepima anabahatisha, na gharama ya kubahatisha huko hulipwa na mkulima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.