Dawa ya Kifafa na Ushuhuda wa Macho

Msomaji, wako watu katika nchi yetu waaminio kwamba kumjaribia mgonjwa dawa ni kumfanya panya. Neno hili husemwa sokoni na matangani, na hata waliosoma hulisema. Mimi nalikataa. Nasema kwamba mwenye kifafa anyweshwaye dawa isiyojaribiwa ndiye aliyefanywa panya. Yeye hujaribiwa peke yake gizani, hapana aandikaye yaliyompata, na akidhurika, madhara yake hayamwokoi mwingine.

Tazama ugonjwa wenyewe ulivyo. Kifafa huja na kwenda. Mtu aweza kuanguka mara sita mwezi huu, na miezi miwili ifuatayo asianguke hata mara moja, bila ya kutumia kitu chochote. Sasa fikiri: jamaa zake humpeleka kwa mganga lini? Si siku za nafuu. Humpeleka mwezi ule wa maanguko sita. Hupewa mzizi, au hirizi, au kidonge cha dukani. Kisha nafuu ambayo ingalikuja yenyewe huja, na sifa zote hupewa mzizi. Mganga hakusema uongo, wala jamaa hawakusema uongo. Wameona kwa macho yao. Lakini macho ya watu wachache juu ya mgonjwa mmoja hayawezi kutenga kazi ya dawa na kazi ya siku.

Wala usidhani kuwa nawalaumu waganga wa miti shamba peke yao. Madaktari wa Ulaya nao walitegemea macho matupu kwa muda mrefu. Mwaka 1857 Charles Locock wa London alisifu chumvi ya bromaidi, nayo ikanywewa miaka mingi ingawa iliwapumbaza wagonjwa na kuwatoa vipele. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Hauptmann alitangaza kwamba fenobabitoni, dawa ya usingizi, huzuia kifafa. Alibahatika, na dawa hiyo ingali ikitumika hata leo. Lakini ni wangapi waliotangaza dawa zao kwa uhakika ule ule, nao hawakubahatika?

Njia ya haki ni hii. Wagonjwa wengi hugawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja hupewa dawa hii na la pili dawa ile, na kila anguko huandikwa. Kwa nini kura? Kwa sababu daktari akiachiwa kuchagua, huenda akawapa dawa aipendayo wale ambao hali zao si mbaya, hata bila ya kukusudia. Kura haina kipenzi. Tena, inapowezekana, daktari na mgonjwa hawaambiwi ni kidonge kipi kinachomezwa, ili tumaini lisiandikwe mahali pa ukweli.

Huna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Jaribio la namna hii lilifanywa Nakuru, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1991 katika jarida la Lancet. Wagonjwa 302 walipewa ama fenobabitoni, dawa kongwe ya bei rahisi, ama kabamazepini, iliyo ghali zaidi. Waliotimiza mwaka mzima walikuwa 249. Katika nusu ya pili ya mwaka huo, asilimia 53 hawakuanguka kabisa, na wengine asilimia 26 walipata nafuu kubwa. Na dawa ipi ilishinda katika kuzuia maanguko? Hapana iliyoshinda. Pasipo kura ile, mchuuzi yeyote angaliweza kumwambia baba maskini kwamba mwanawe hataponywa ila na kilicho ghali.

Wapinzani watauliza: je, ni haki kumpa mgonjwa kidonge kitupu kisicho na dawa? Nakuru hapana aliyepewa kitupu. Na mara nyingi dawa mpya ya kifafa ijaribiwapo, huongezwa juu ya dawa ambayo mgonjwa anaitumia tayari. Lazima akubali kwa hiari yake baada ya kuelezwa, na lazima aweze kujitoa siku yoyote. Pale masharti haya yanapovunjwa, mimi nitasimama upande wa wapinzani.

Lakini hasira yao wameielekeza pasipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu za wenye kifafa huko Kilifi, ikaonekana kuwa zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata dawa kama ipasavyo. Ilikuwa imepita miaka 21 tangu habari za Nakuru! Katika shule moja niliyofundisha, mvulana mmoja alitengewa sahani na kikombe, ati povu lake huambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa sahani. Baba yake aliuza mbuzi kwa ajili ya mizizi, na mtoto akaacha masomo kabla ya kufika kidato cha tatu. Hakuharibiwa na jaribio lolote. Aliharibiwa na watu walioacha dawa iliyokwisha kujaribiwa ikae mbali naye.

Basi siku utakapoombwa wewe au nduguyo kuingia katika jaribio, usikimbie. Uliza dawa hiyo italinganishwa na ipi, na madhara yake yataandikwa na nani. Kisha uliza jambo ambalo wengi husahau kuliuliza: jaribio likiisha, na dawa ikionekana njema, zahanati ya kijijini kwenu itaipata lini, na kwa bei gani?