Mwanafunzi wa Filamu Aanzie Mlangoni

Simu ya mkononi imeiweka kamera kiganjani mwa kijana, na walimu wengi sasa huwapa wanafunzi kazi ya kutengeneza filamu fupi. Jambo hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, lipo kosa linalorudiwa mno. Mwanafunzi hukabidhiwa mada nzito, kama vile rushwa au ukatili wa majumbani, kabla hajajifunza kumwonyesha mtu mmoja akiingia chumbani na kuketi. Matokeo yake ni filamu yenye nia njema ambayo mtazamaji haielewi.

Nchini Uingereza, bodi ya mitihani ya OCR kwa miaka kadhaa iliwataka wanafunzi wa somo la vyombo vya habari waanze na zoezi dogo sana. Mtu afungue mlango, akatize chumba, aketi kitini mbele ya mwenzake, kisha wabadilishane maneno machache. Basi! Asiyejua atacheka. Lakini ndani ya zoezi hilo zimo kanuni tatu zinazobeba mwendelezo wa filamu.

Kanuni ya kwanza ni kuunganisha kitendo. Ikiwa picha iliyopigwa nje imeonyesha mkono ukishika kitasa, picha ya ndani haina budi kuanza pale pale mlango unapofunguka. Kwa sababu hiyo mwigizaji hukirudia kitendo kizima mbele ya kamera pande zote mbili, ili mhariri apate mahali pa kukata. Ya pili ni ile ya nyuzi 180. Baina ya wazungumzaji wawili huchorwa mstari wa kufikirika, na kamera hubaki upande mmoja wa mstari huo. Ikiuvuka, wote wawili huonekana wakitazama upande mmoja, kana kwamba hawasemezani. Ya tatu ni picha ya kujibizana: huyu anasema, yule anaonekana akisikia na kujibu. Juu ya hayo yote, lazima awepo mwenye daftari, anayeandika kikombe kilikuwa mkono gani, mikono ya shati ilikunjwa au la, na saa ya ukutani ilionyesha saa ngapi.

Kanuni hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1903, Edwin S. Porter wa Marekani alitengeneza filamu ya wazima moto, *Life of an American Fireman*. Uokoaji ule ule aliuonyesha wote kutoka ndani ya chumba, kisha akauonyesha wote tena kutoka nje. Ilihitajika miaka ya majaribio ndipo watengenezaji wakazoea kuligawa tukio moja katika vipande vinavyofuatana. Mwanafunzi anayefungua na kufunga mlango mara kumi anaipita njia hiyo kwa juma moja.

Wapo watakaosema kwamba kanuni hufunga vipaji, na kwamba Jean-Luc Godard wa Ufaransa alizivunja waziwazi mwaka 1960 katika *À bout de souffle*. Ni kweli alizivunja; lakini alizivunja akizijua. Kuvunja kwa makusudi ni jambo moja, na kushindwa ni jambo lingine. Tumtazame Sembène Ousmane wa Senegal. Alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya za kusifika, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Moscow akakaa darasani kujifunza kazi ya filamu. Mwaka 1963 alitoa *Borom Sarret*, filamu ya dakika zipatazo 20 juu ya mwendesha mkokoteni wa Dakar. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wala tusidhani kwamba haya ni mapambo ya wasanii tu. Tuchukue filamu ya kumfundisha mzazi kuchanganya maji ya mtoto anayeharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Picha ya mbali ikionyesha kijiko cha chai, na ya karibu ikaonyesha kijiko kikubwa, mtazamaji afuate kipi? Chumvi ikizidi, dawa hugeuka hatari kwa mtoto. Hapo kosa la mwendelezo si aibu ya mhariri peke yake.

Kwa hiyo walimu wawape wanafunzi mlango na kiti kabla ya kuwapa mada. Wawagawe katika makundi ya wanne, yaani mwigizaji, mpiga picha, mwenye daftari na mhariri, na wabadilishane kazi hizo. Mtihani wake uwe huu: filamu ionyeshwe bila sauti kwa mtu asiyeijua, kisha aulizwe ameona nini. Watumishi wanaoidhinisha fedha za filamu za elimu nao waitumie kipimo hicho hicho kabla ya kutia sahihi. Filamu hutengenezwa kwa ajili ya mtazamaji, naye ana haki ya kuielewa.