Nguvu za kiume: damu ipimwe kabla ya dawa

MIZANI YA WIKI
Na Hamisi Kapinga

Jioni, kwenye vituo vingi vya daladala jijini Dar es Salaam, meza ya muuza dawa za nguvu za kiume haikosekani. Utakuta chupa za unga wa kahawia, mizizi iliyofungwa mafungu mafungu na jagi la alkasusu, na jirani yake sufuria ya supu ya pweza na sinia la mihogo na karanga mbichi. Mteja haulizwi umri, haulizwi kama ana presha, haulizwi tatizo lilianza lini. Ambaye uume hausimami, aliyepoteza hamu, anayewahi kumaliza, anayetafuta mtoto bila kupata na anayeshinda amechoka, wote wanapewa unga uleule na kijiko kilekile. Hayo ni matatizo tofauti, yenye vyanzo tofauti, na kuyatibu yote kwa kubahatisha kunawagharimu wanaume wetu afya, na wengine uhai.

Tuanze na homoni yenyewe, kwa kuwa siku hizi kila uchovu wa mwanamume unasingiziwa kupungua kwake. Testosteroni hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ndiyo inayootesha ndevu, inayonenepesha sauti, inayojenga misuli na mifupa, inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu na kuamsha hamu ya tendo la ndoa. Ikipungua kweli, hamu hufifia, uume hauamki alfajiri kama ulivyozoea, misuli hunywea, mifupa hudhoofika na moyo huingiwa na huzuni. Huu ni ugonjwa, na wanaoudharau kuwa ni hofu ya wazee wanakosea. Unaweza kuletwa na matumbwitumbwi yaliyoshukia korodani, na uvimbe wa pituitari, na kuzaliwa na kromosomu X ya ziada, na madini ya chuma yaliyorundikana mwilini mwa mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi, au na matumizi ya muda mrefu ya prednisoloni na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Mwanamume wa namna hiyo anastahili tiba kamili, na kumwambia avumilie kwa sababu ya umri ni kumdhulumu.

Lakini ni wangapi? Watafiti wa Ulaya waliwachunguza wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 katika vituo vinane, na mwaka 2010 wakatoa majibu. Walipodai vyote viwili, dalili za unyumba na homoni iliyoshuka kwenye damu, waliobaki walikuwa asilimia 2.1 tu. Idadi hiyo ni ya Ulaya, na sitaibandika Tanga wala Kisumu kama ilivyo. Funzo lake la kitabibu, hata hivyo, halina mipaka: dalili hizi zinawapata pia wanaume wengi ambao homoni yao ni salama kabisa, kwa hiyo dalili peke yake hazitoshi kumhukumu mtu kuwa amepungukiwa.

Basi wengi wao wanaumwa nini? Mara nyingi jibu liko kwenye mishipa ya damu. Uume husimama kwa kujaa damu, na mishipa inayoupelekea damu ni myembamba kuliko ile ya moyo. Sukari, presha, sigara na mafuta vinapoanza kuikakamaza mishipa ya mwili mzima, ile myembamba hulalamika mapema, pengine miaka kadhaa kabla mtu hajashikwa kifua. Uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikuta kiasi cha mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya kupanda, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Wengi hawajijui. Mwanamume wa miaka 45 anayegundua kwamba uume umelegea amepewa taarifa ya mapema kuhusu moyo wake, taarifa ambayo hata daktari asingeipata kwa urahisi. Akiupeleka mwili huo kwenye meza ya unga kwa miaka miwili, ni miaka miwili ya sukari kuendelea kula mishipa, figo na macho bila kizuizi. Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, na ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu kipimo cha presha na cha sukari hupatikana kwenye vituo vingi vya afya na huchukua dakika chache.

Tena magonjwa haya yanaigusa homoni yenyewe. Mafuta ya kitambi hubadili sehemu ya testosteroni kuwa homoni ya kike, na unene pamoja na kisukari huzuia amri zinazotoka ubongoni kwenda kwenye korodani. Mwenye kitambi akipunguza uzito wa kutosha, testosteroni yake hupanda bila sindano. Usingizi nao una sehemu yake. Vijana kumi wenye afya nchini Marekani walipolala saa tano tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja, homoni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15; matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Dereva wa lori la masafa na mlinzi wa usiku wayasome vizuri.

Kuna watakaoniambia kwamba babu zetu walitumia mkuyati, na ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanatafuna mukombero, na walizaa. Siidharau mitishamba, baadhi yake inastahili utafiti wa dhati. Lakini unga wa leo unaopita mikononi mwa watu wasiojulikana si ule wa babu. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi bidhaa zinazouzwa kama za asili zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali inayofungua mishipa. Ikitolewa na daktari, ni dawa nzuri. Ikinywewa bila kujua na mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kushuka hadi kumuua. Wala kupata nafuu si ushahidi kwamba homoni ilikuwa imepungua. Mwaka 1889, jijini Paris, mwanasayansi mashuhuri Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alijichoma maji ya korodani za mbwa na simbilisi akatangaza kwamba nguvu zimemrudia. Baadaye ilijulikana kwamba testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji. Alichojichoma hakikuwa nayo ya kutosha kufanya kazi yoyote. Alikuwa msomi mkubwa, na bado matumaini yalimhadaa.

Wengine watauliza: ikiwa homoni hupungua taratibu kadiri umri unavyosonga, kwa nini tusiijazie kwa sindano? Jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2016, la wanaume 790 waliovuka miaka 65 na homoni zao zikiwa chini, lilionyesha kwamba hamu na tendo viliongezeka kwa kiasi, ila uchovu haukupungua kwa kiwango cha maana. Jingine la mwaka 2023, lenye wanaume zaidi ya 5,000 wenye homoni ndogo na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata, lilituliza hofu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini likakuta mapigo ya moyo kwenda ovyo na damu kuganda kwenye mapafu vikiwa vingi zaidi kwa waliotumia dawa. Kwa anayeihitaji, faida inaweza kuzidi hatari hizo, alimradi daktari anamfuatilia. Kwa kijana anayechomwa sindano kwenye jimu ili ajaze kifua, hali ni nyingine kabisa. Testosteroni ya kuchoma huzima amri ya ubongo, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Shirika la Afya Duniani liliijaribu miaka ya 1990 kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na ilifanya kazi. Anayetafuta mtoto akapewa sindano hiyo anazibiwa njia, huku nyumbani mkewe ndiye anayeitwa mgumba.

Hoja nzito kuliko zote ni ya gharama. Kipimo cha homoni hakipo kila zahanati, na nauli ya kwenda mjini na kurudi ni posho ya wiki kwa wengi. Ni kweli, ndiyo maana mpangilio una umuhimu. Presha na sukari zitangulie. Ambaye dalili zake zinaelekea kwenye homoni ndiye apelekwe maabara, na apelekwe kwa utaratibu: asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kabla ya kula, asiwe anaumwa malaria wala homa nyingine, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuamua lolote. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka mchana, kwa hiyo damu iliyotolewa saa kumi jioni inaweza kumpa ugonjwa mtu ambaye hana. Hata mabingwa hawakubaliani kwa mstari mmoja: miongozo miwili ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka mpaka, mmoja nanogramu 300 kwa desilita, mwingine 264. Mtu mwenye 280 na asiye na dalili yoyote hana sababu ya kuchomwa sindano.

Kazi ya kuanzia ipo kwenye kliniki za kisukari na presha, ambako wanaume tayari wanahudhuria. Huko hukaguliwa miguu na kuulizwa kuhusu macho, lakini la unyumba mara nyingi linapitwa, na mgonjwa mwenye aibu hataanza yeye. Liwekwe kwenye kadi kama maswali mengine, na mhudumu aliulize kila mwanamume, mlango ukiwa umefungwa. Mke akitaka kuwapo na mume akaridhia, aingie naye.