Kalausi Juu ya Ziwa

Mwezi wa Desemba mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ukiadhimisha miaka 100 tangu kuasisiwa kwake, ulitangaza majina ya nyota na sayari yaliyoteuliwa na nchi zaidi ya 100, na miongoni mwa hayo Kenya ilitoa mawili ya Kijaluo: Kalausi, yaani chamchela, kwa nyota iliyokuwa ikitajwa kwa nambari tu, HD 83443, na Buru, yaani vumbi, kwa sayari iizungukayo. Tanzania nayo ilichagua Mpingo na Tanzanite, majina yenye heshima zake, ingawa yananukia kidogo duka la kuuzia watalii. Ya Kenya, kwa rai yangu, yamewafiki zaidi, maadam Buru, japo uzito wake wapita ule wa Dunia zaidi ya mara 100, huizunguka nyota yake kwa karibu mno, hata mwaka wake ukaisha kwa siku tatu hivi.

Sayari hiyo hakuna aliyeiona kwa jicho. Wanafalaki wa Geneva, kwa darubini yao iliyoko La Silla nchini Chile, waliitambua mwaka 2000 kwa kupima jinsi nyota inavyoyumbishwa nayo. Walidai pia kuwapo sayari ya pili, na wenzao walipopima upya wasiione, dai hilo likaachwa, jambo ambalo katika elimu ni sifa wala si aibu.

Sisi wa Wanyange, karibu na Jinja nchini Uganda, tunayo haki ya kuitazama Kalausi, kwani Kijaluo ni ndugu wa lugha ya Wapadhola wa Tororo, wala anga halina forodha kama ile ya mpakani Malaba. Katikati ya Aprili, yapata saa tatu usiku, mawingu ya masika yakijaalia, atakayesimama kilimani akilielekea Ziwa Victoria atakuwa nayo mbele yake, nusu ya kimo cha anga. Haionekani kwa macho matupu, ila darubini ndogo ya macho mawili yatosha. Nuru atakayoipokea iliondoka huko kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901.

Kwa hiyo nazitaka shule zetu zinunue darubini hizo. Na atakayejibu kwamba shule isiyo na maabara haina haja ya nyota, ajue kuwa chombo hicho hicho, mchana, chaweza kuwafundisha wanafunzi ndege wa ufukweni.